Safari ya Mkokotoni hadi Mjini
(Hotuba kwa makatibu na wanachama wa vyama vya ushirika)



Kutoka Mkokotoni kwenda Mjini zipo njia mbili. Moja hupita Donge. Ya pili huzunguka Mkwajuni na Kinyasini. Zote hukutana Mahonda, kisha huteremka Bububu. Ya Donge ndiyo fupi. Lakini mvuvi wa Tumbatu, aliyekwisha kuvuka bahari na tenga lake, hatazami ufupi peke yake. Hutazama gari lipi litajaa na kuondoka mwanzo. Daladala haiondoki tupu, na samaki hangoji abiria. Kwa hiyo katibu mwema huwakusanya wanachama tangu alfajiri, ili wao na mizigo yao walijaze gari moja la Donge. Mvuvi mmoja hungoja gari. Wavuvi kumi hungojwa nalo.