Kila Motakaa Iwe na Gadi Wake

(Hotuba iliyosomwa na mfanyakazi wa reli mbele ya wanachama, Kericho)



Nimeombwa niseme habari za safari ndefu katika motakaa kuukuu. Pengine mtu atauliza, huyu wa reli ana habari gani na motakaa? Jibu ni kwamba reli haifiki mji wa Kericho wala Bomet. Njia yetu ilifika Kisumu mwezi wa Desemba 1901, nayo ilipita kaskazini ya hapa, kwa Londiani, Kipkelion ambayo zamani iliitwa Lumbwa, Fort Ternan na Muhoroni. Chai ya Kericho ilibidi ishushwe kwa malori mpaka stesheni ya Lumbwa. Kwa hiyo hata sisi wa reli tukiwa huku, siku ya kwenda makwetu twapanda motakaa kama ninyi.

Na motakaa gani? Mwajua wenyewe. Desemba ikifika, au simu ya msiba ikilia usiku kutoka Bungoma, Siaya, Kisii au Kakamega, watu wa kambi moja hukusanya fedha. Humtafuta mtu mwenye Peugeot 504 ya zamani, au Probox iliyochoka, wakapatana bei, wakaondoka. Huu si upumbavu. Nauli za Desemba hupanda, likizo ni siku chache, na maiti haingoji. Sikuja hapa kuwacheka watu kwa kuwa hawana gari jipya. Mshahara wa mchuma chai haununui gari jipya, na mshahara wangu haununui pia.

Neno langu ni moja tu. Motakaa kuukuu yaweza kufika. Jambo linaloua watu ni kuiacha mikononi mwa mtu mmoja, huku wengine wote wamenyamaza.

Kwanza tuitazame njia yenyewe. Mau Summit, mahali reli inapopita, ni zaidi ya mita 2,500 juu ya bahari. Ziwa la Kisumu liko kwenye mita 1,130 hivi. Basi mtu anayetoka juu ya Mau mpaka ziwani hushuka kama mita 1,400. Hata mtu wa Kericho mjini anayekwenda Kisumu ana mteremko mrefu wa Kipsitet kabla ya kufika uwanda wa Kano. Na mvua ya Kericho mwaijua: mchana inakuja, mara nyingine ya mawe, na lami inakuwa kama sabuni.

Msiba wa njia hizi hatukuusoma katika vitabu. Tarehe 10 Oktoba 2018, kabla ya mapambazuko, basi lililotoka Nairobi kwenda Kakamega lilianguka karibu na Fort Ternan, na watu zaidi ya 50 wakafa. Tarehe 30 Juni 2023, jioni, lori lenye kontena lilishindwa kusimama katika njia panda ya Londiani, likagonga magari na watu waliokuwa wakiuza vitu kando ya njia. Walikufa 52. Wengi wao hawakuwa safarini hata kidogo. Walikuwa kazini, wamekaa na mboga zao.

Sasa, kwa nini mteremko ni mbaya hivi? Breki ya motakaa husimamisha gurudumu kwa kulisugua, na kusugua huleta joto. Dereva akishuka mlima mrefu mguu juu ya breki muda wote, joto huzidi mpaka breki inateleza badala ya kushika. Tena, mafuta ya breki yakikaa miaka mingi hunyonya maji kutoka hewani. Yakipata moto sana maji yale hugeuka mvuke, na mvuke unabonyea kama mto wa pamba. Dereva anakanyaga, kanyagio linakwenda mpaka chini, na gari halisikii. Ndiyo maana wazee wa usukani husema: shuka kwa gia ile ile ambayo ungepandia. Pale Salgaa, katika njia ya Nakuru kwenda Eldoret, baadhi ya madereva wa malori walipata sifa mbaya kwa kuondoa gia na kuliacha gari litelemke lenyewe ili waokoe mafuta. Mafuta yale yamelipwa kwa roho za watu.

Sisi wa reli tuliyajua mambo haya kwa uchungu. Tarehe 12 Juni 1889, huko Armagh katika Ireland, treni iliyojaa watoto wa shule ya Jumapili na wazazi wao ilikuwa ikipanda mlima. Injini ikashindwa. Wakubwa wa safari wakaikata treni vipande viwili, na mabehewa ya nyuma yakateremka kinyumenyume yakagonga treni iliyofuata. Watu 80 walikufa. Mwaka ule ule sheria ikatungwa Uingereza kwamba kila treni ya abiria iwe na breki inayoenea behewa kwa behewa, nayo ijifunge yenyewe treni ikikatika. Katika breki ya namna hiyo, hewa ikivuja treni inasimama. Katika motakaa ni kinyume: mafuta yakivuja, breki imekufa. Basi motakaa yahitaji macho zaidi ya treni, wala si machache.

Lakini tulijifunza na jambo la pili, nalo ndilo nililolijia. Treni ya abiria haiondoki kwa neno la dereva peke yake. Breki hupimwa kwanza mpaka behewa la mwisho. Nyuma yuko gadi. Gadi asipoonyesha bendera ya kijani, dereva haondoki, hata kama ndani amepanda Waziri. Si kwamba dereva ni mtu mbaya. Dereva hutazama mbele, ana saa yake na haraka yake, na mtu anayetazama mbele hawezi kuona nyuma.

Hata katika mashindano ya motakaa ni hivyo hivyo. Mbio za Safari za Afrika Mashariki zilianza mwaka 1953. Mwaka 1963 ziliondoka motakaa 84, na zilizomaliza ni 7. Mwaka 1968 ziliondoka 93, zikamaliza 7 tena. Miaka hiyo yote miwili walishinda Nick Nowicki na Paddy Cliff katika Peugeot 404, gari ambalo baba zetu walibebea kabeji. Tazameni: ni majina mawili. Mmoja alishika usukani, mwenziwe alishika njia na saa. Mamia ya farasi ndani ya injini hayakuwafikisha wale walioishia matopeni.

Nitawapa mfano niliouona mwenyewe. Desemba moja tulitoka Bomet kwenda Busia, watu tisa katika gari la watu saba. Tulipita Kaplong na Litein salama. Tulipoipita Kericho na kuanza kushuka, mama mmoja mchuma chai aliyekaa nyuma kabisa akasema, "Dereva, mwanangu, simamisha gari. Nasikia harufu ya kitu kinaungua." Wanaume wakacheka. Mmoja akamwambia, "Mama, huo ni moshi wa makaa ya watu." Yeye akasema tena, na mara ya tatu akagonga kiti kwa mkono: "Mimi nimelipa nauli kama ninyi. Simamisha, nishuke!" Dereva akasimama kwa hasira. Tukashuka. Gurudumu la mbele la kushoto lilikuwa moto hata usingeweza kuweka mkono karibu. Breki ilikuwa imekwama na kujisugua tangu mbali. Tulingoja zaidi ya saa nzima lipoe, na kijana mmoja aliyetaka kulimwagia maji baridi tulimzuia, kwa sababu chuma chenye moto kikimwagiwa maji chaweza kupasuka. Fundi akaitwa, akailegeza, tukashuka polepole. Hakuna aliyecheka tena mpaka Ahero.

Yule mama hakujua jina la chombo hata kimoja cha gari. Alikuwa na pua, na alikuwa na ujasiri. Huyo ndiye gadi.

Basi nawaomba jambo hili. Watu wakikodi gari kwa safari ndefu, kabla ya kulipa wamchague mmoja wao awe gadi. Asiwe mwenye gari, asiwe dereva, na asiwe mlevi. Mwanamke au mwanamume ni sawa. Kazi yake ni hizi:

1. Gari likiwa limesimama na injini inanguruma, dereva akanyage breki kwa nguvu na kushikilia, gadi ahesabu mpaka 30. Kanyagio likizidi kushuka polepole, mafuta yanavuja. Atazame pia upande wa ndani wa kila gurudumu kama kuna umajimaji. Akiona hivyo, safari ingoje fundi.

2. Atazame tairi. Ubavuni mwa tairi kuna tarakimu nne za mwisho: 2319 maana yake iliundwa wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi yaweza kuwa na meno mazuri na huku mpira wake umezeeka na kupasuka nyufa. Tairi ya akiba iwe na upepo, na jeki na spana ziwemo.

3. Maji ya rejeta yatazamwe asubuhi, injini ikiwa baridi. Ikichemka njiani, mtu asifungue kifuniko mpaka ipoe. Wengi wamechomwa nyuso hapo.

4. Taa zote ziwake, za nyuma pia. Pembetatu nyekundu ziwemo garini. Gari likiharibika, ziwekwe mbali nyuma ya gari, na watu wote watoke barabarani. Matawi mabichi ni msaada wa mchana; usiku hayaonekani.

5. Watu wasizidi viti. Hapa najua mtanung'unika. Lakini kila mtu anayeongezwa ni mzigo juu ya breki zile zile.

6. Kabla ya mteremko mrefu, gari lisimame kidogo. Gadi asogeze mkono karibu na kila gurudumu bila kugusa. Moja likiwa na joto kupita mengine, lina neno la kusema. Na kila saa mbili dereva apumzike.

7. Gadi akisema simama, gari linasimama. Maswali yaje baadaye.

Mtu atasema, dereva atakubali vipi? Hapa ndipo penye siri, na siri yenyewe ni fedha. Nauli yote ikilipwa asubuhi, sauti ya abiria imeuzwa pamoja nayo. Lipeni nusu wakati wa kuondoka na nusu mkifika. Tena kila mtu atie fedha kidogo katika mfuko wa gadi, ili gari likishindwa mpande matatu mwende zenu. Watu wengi hukaa ndani ya gari bovu kwa sababu moja tu, kwamba hawana fedha ya kushuka.

Yako na mambo mawili ya sheria. Bima ya motakaa ya nyumbani haikukatwa kwa ajili ya abiria wa nauli. Ajali ikitokea, kampuni ya bima yaweza kuikataa, na mjane akabaki na makaratasi. Ulizeni kabla ya kupanda. La pili ni gari la mwajiri. Sheria ya fidia ya wafanyakazi ya mwaka 2007 yasema kwamba mfanyakazi akipelekwa kazini au kurudishwa kwa gari la mwajiri, likiendeshwa na mwajiri au mtu wake, huhesabiwa yuko kazini. Basi lori la kampuni likiwa bovu, hilo ni jambo la kazi. Mwakilishi wa wafanyakazi ana haki ya kulisema mezani kama anavyosema habari ya mshahara. Asimwachie mtu mmoja aliyekalia sanduku la lori aseme peke yake, maana huyo atafukuzwa. Wote wakisema, nani atafukuzwa?

Bwana Mwenyekiti, naomba mkutano huu ukubali mambo mawili. Moja, kila kambi iwe na watu wawili au watatu waliofundishwa kazi hii ya gadi kabla Desemba haijafika. Madereva na mafundi waliomo humu wafundishe wenzao Jumapili moja, bila malipo. Pili, habari ya magari yanayobeba wafanyakazi iandikwe katika orodha ya mambo tunayopeleka kwa waajiri.

Ndugu zangu, chama kilianza siku watu walipokataa kunyamaza mmoja mmoja. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Mliojifunza kusema "hapana" mbele ya meneja, msishindwe kusema "simama" mbele ya dereva.