Raia Akikagua Gwaride

Wazee wetu, akina mama na vijana wa Arua Hill,

Twajua kwamba mshindo wa buti haupendezi kila sikio hapa. Mwaka 1980 wanajeshi walipoingia West Nile, watu walivuka mipaka kwenda Zaire na Sudan. Basi tunapopita na ngoma na tarumbeta, imetupasa kueleza.

Katika gwaride la heshima, kikosi husimama wima, naye mgeni rasmi hupita taratibu kati ya safu, bendi ikipiga, akitazama silaha, vifungo na nyuso. Mara nyingi mgeni huyo ni raia asiye na hata fimbo. Mwenye bunduki ndiye anayekaguliwa. Kisha askari hupita mbele yake kwa mwendo wa pole, halafu wa haraka, wakigeuza macho kulia.

Desturi hii tuliirithi kwa King's African Rifles, jeshi lililoandikisha vijana wengi wa huku, na Kiswahili kikawa lugha yake. Huko pwani, raia waliziiga bendi za kijeshi wakaunda ngoma ya beni, hata wakajipa vyeo!

Tarehe 9 Oktoba, sikukuu ya Uhuru, sogeeni karibu na kamba. Mkimtambua mwanenu safuni, msimwite. Hawezi kuitika mpaka gwaride livunjwe.