Wosia wa Bolesław

Vijana wenzangu, leo twende Poland, mwaka 1138. Mtawala Bolesław wa Tatu amefariki. Huyu bwana aligombea kiti na ndugu yake Zbigniew hadi akampofusha, kwa hiyo hakutaka wanawe wafike huko. Akaacha wosia: wanawe wagawane majimbo, ila mkubwa, Władysław, akae Kraków awe juu ya wenzake.

Mmeona kasoro? Ukubwa umetamkwa, lakini nani atamzuia mkubwa akizidisha? Władysław akataka kuwanyang'anya wadogo zake majimbo. Mwaka 1146 wakamtimua, akakimbilia Ujerumani. Na Kazimierz, kitinda mimba ambaye hakuachiwa hata jimbo, ndiye akaja kukalia Kraków mwaka 1177. Wosia gani huo jamani!

Mtoto wa Kazimierz, Konrad wa Mazovia, akawaita Watutoni, wapiganaji wa Kijerumani, wamsaidie dhidi ya Waprusi. Wageni hawakuondoka. Mwaka 1308 wakaichukua Gdańsk. Władysław Łokietek, aliyevikwa taji Kraków mwaka 1320, aliunganisha sehemu kubwa ya nchi, lakini alikufa mwaka 1333 Gdańsk ikiwa bado mikononi mwao.