Tulinde Macho Yetu Kazini
(Hotuba ya kamati kwa mafundi na wakazi wa kambi ya Kinama, Muyinga)



Siku ya ukumbusho kama hii huwa tunataja njia tulizopita tukitoka Kongo, na wenzetu tuliowazika. Leo kamati imeona tuseme pia juu ya macho. Mkimbizi aliyepoteza shamba na ng'ombe huanza tena kwa mikono yake. Je, aliyepoteza macho ataanza na nini?

Tunasema hivi kwa sababu yametufika. Kijana wetu mmoja alikuwa akinoa jembe kwa mashine, chembe ya chuma ikamruka jichoni. Jirani alimsugua kwa nguo, mwingine akamtia maji ya majani. Siku ya tatu ndipo tulipompeleka kwenye kituo cha afya. Jicho halikupona. Kosa lilikuwa letu sote, maana tulikuwepo na hatukujua la kufanya.

Husemwa ajali haina kinga. Lakini jicho lina kinga.

Ninyi mnaochomelea chuma, mwanga ule huunguza jicho. Maumivu hayaji palepale. Huja baada ya saa kadhaa, mara nyingi usiku, kana kwamba macho yamejaa mchanga. Miwani ya jua haitoshi. Vaeni kinyago chenye kioo cheusi cha kuchomelea, na watoto wasisimame kutazama.

Wanaoponda mawe, kama wachimba dhahabu wa Butihinda, pamoja na maseremala, wavae miwani ya kazi iliyozibwa pembeni.

Tangu Gitega iwe mji mkuu wa kisiasa mwaka 2019, vijana wetu nao hutamani kazi za ujenzi kule. Waashi, jihadharini na saruji na chokaa: zikiingia jichoni hulila haraka.

Washonaji, kaeni penye mwanga. Kila baada ya dakika 20 inua kichwa, utazame mbali kidogo, kama mita 6, kwa sekunde 20. Aliyepita miaka 40 akishindwa kutunga uzi kwenye sindano asidhani amerogwa. Ni umri, na miwani ya kusomea humsaidia.

Akina mama, kuni ziwe kavu, na jiko liwe mahali moshi unapopata pa kutokea.

Ajali ikitokea, tukumbuke haya:
1. Usisugue jicho.
2. Chokaa, saruji au dawa ikiingia, osha papo hapo kwa maji safi mengi, kope zikiwa wazi, dakika 20 bila kuacha. Kisha nenda kituo cha afya.
3. Kitu kilichochoma jicho usikitoe. Funika kwa kikombe safi bila kukandamiza, umpeleke mtu siku hiyo hiyo.
4. Usitie majani, maziwa wala mkojo.

Tusikate tamaa. Mwaka 2025 Shirika la Afya Duniani lilithibitisha kwamba trakoma, ugonjwa unaopofusha, si tatizo la afya ya jamii tena nchini Burundi. Dawa ziligawiwa, na watu wakahimizwa kunawa uso. Basi upofu huzuilika watu wakishirikiana.

Ndugu wa mashirika, tunawashukuru kwa vifaa vya ufundi mnavyowapa vijana wetu. Ombi letu ni moja: mashine ya kuchomelea isitolewe bila kinyago, wala nyundo ya mawe bila miwani. Bei yake ni ndogo kuliko ya jicho.

Nasi kamati tunaahidi kuwatembelea mafundi mahali pao pa kazi. Tutakayemkuta hana miwani, tutamwomba asimamishe kazi mpaka aipate. Asikasirike. Tunataka siku ya kurudi nyumbani kila mmoja wetu aione njia kwa macho yake mwenyewe.