Cheo ni Dhamana



Katika kuadhimisha hekalu letu tumeombwa tuseme machache juu ya uongozi. Tumechagua kukitazama kiti kilicho mbali, mjini Paris: kiti cha Mkurugenzi Mkuu wa UNESCO. Anayekikalia hana jeshi wala mahakama. Nchi wanachama ndizo zinazomchagua, na ndizo zinazochangia fedha. Silaha yake ni neno lake.

Mwaka 1974 kiti hicho alikabidhiwa Amadou-Mahtar M'Bow wa Senegal, Mwafrika wa kwanza kukikalia. Mwezi Juni 1978 aliyaomba mataifa yarudishe hazina za utamaduni kwa watu waliozibuni. Mkataba wa mwaka 1970 dhidi ya biashara haramu ya mali hizo hauyagusi yaliyotendeka kabla yake. Kwa yale ya kale, njia iliyobaki ilikuwa kuomba.

Sisi watu wa hekalu hatuhitaji kufafanuliwa ombi hilo. Nataraja wa Shivapuram, aliyeibwa Tamil Nadu, alirejea India kutoka Marekani mwaka 1986. Jumba la makumbusho hupungukiwa na sanamu moja. Waumini huwa wamempoteza mwenye nyumba.

M'Bow aliunga mkono pia madai ya nchi maskini kuhusu haki katika upashanaji wa habari duniani. Marekani, iliyochangia robo ya bajeti, ilijitoa mwishoni mwa 1984, na Uingereza mwaka uliofuata, zikilalamikia siasa na usimamizi wa fedha. Aliondoka mwaka 1987, baada ya miaka 13. Siku hizi muhula ni miaka 4, nao huongezwa mara moja tu.

Hapo tunapata mafunzo mawili yasiyotengana. Kiongozi aseme lililo haki hata mfadhili akinuna. Na yeye mwenyewe akubali kuulizwa hesabu, kisha aondoke kwa wakati.

Basi tujiulize: je, katika mikutano yetu, neno la mchangiaji mkubwa na la mfagiaji wa ukumbi hupimwa kwa mizani moja? Je, vijana wetu wanafundishwa kuongoza, au kubeba viti tu? Waliojenga hekalu hili walituachia dhamana. Tuikabidhi ikiwa salama, tena tukiwa hai ili tuwashauri watakaoipokea.