Kaunsili ya kijiji ni yako pia

Maneno ya mfanyakazi wetu wa familia kwenye mkutano wa familia zinazoishi vijijini, England

Najua wengine mmebadilisha basi mara mbili.

Nianze na simu niliyopigiwa na mama mmoja. Alisema, "Mwanangu, parokia wananidai pesa, na mimi si wa kanisa lao." Nikamwomba anitumie picha ya barua. Ilikuwa bili ya kodi ya kaunsili, na mstari mmoja wa chini uliandikwa Parish Council. Mama hakukosea kusoma. Neno ni lile lile la parokia, ila tangu sheria ya 1894 kazi za kijiji zilitengwa na kazi za kanisa. Uwe Mkatoliki, Mpentekoste au Mwislamu, hiyo ni kaunsili ya kijiji chako. Ukilipa kodi, fungu lake limo ndani.

Sisi husema "kaunsili" kana kwamba ni moja. Katika sehemu nyingi za vijijini ziko tatu. Ile kubwa, ya kaunti, inashughulika na barabara na shule. Ile ya wilaya inachukua takataka na kushughulikia maombi ya nyumba. Ile ndogo ya kijiji ndiyo mara nyingi inayotunza uwanja wa watoto kuchezea, benchi, kibanda cha basi, makaburi, na pengine njia za miguu. Ukigonga mlango usio wako, utasubiri sana.

Mimi mwenyewe niligonga mlango usio wangu. Tulipohamia kijijini, njia ya kwenda kituo cha basi ilikuwa imefunikwa na miiba, na chini ni tope. Mke wangu alikuwa anasukuma kigari cha mtoto barabarani, magari yakimpita karibu. Niliandika barua pepe tatu kwa kaunsili ambayo haikuhusika. Kimya. Siku moja mzee jirani, anayetembeza mbwa wake asubuhi, akaniambia, "Umesoma ubao?" Ubao wa matangazo ulikuwa pale pale kituoni. Nilikuwa nimeupita kwa miezi minane. Tangazo la kikao lilikuwa limebandikwa, na ajenda yake.

Nikaenda. Nawaambia ukweli, niliogopa. Kambini, ukiitwa ofisini unakwenda na kadi ya familia, unakaa, unasubiri kuulizwa. Basi nikabeba karatasi zetu zote, hata cheti cha kuzaliwa cha mtoto. Hakuna aliyeniomba karatasi. Nilikuta watu saba kwenye meza, na karani mmoja anaandika. Karani analipwa. Wale madiwani hawalipwi mshahara, ni majirani. Wakaniuliza kama nina neno. Nikasema, "Hapana, asanteni." Nikarudi nyumbani nimejikasirikia.

Kikao kilichofuata nikasema. Dakika mbili tu, na Kiingereza changu hiki. Nikawaeleza mke wangu anapita wapi na mtoto. Wakatazamana. Hawakujua. Wote wana magari, na watoto wao wamekua zamani. Hawakuwa wametudharau; hakuna aliyewaambia. Miiba ilikatwa baada ya wiki tatu. Mawe ya kufunika tope yalikuja wakati joto limeanza. Taa niliyoomba walinikatalia, wakasema pesa za mwaka ule zimekwisha kupangwa. Nitaiomba tena.

Wengine wetu tunakumbuka salongo, au umuganda: kazi ya kijiji unayoitiwa, na usipokwenda una kesi. Hapa hakuna atakayekuita. Tangazo litabandikwa siku tatu kamili kabla ya kikao, na mlango utakuwa wazi. Kwa sheria, vikao ni vya watu wote kusikiliza, isipokuwa pale jambo la siri linapojadiliwa. Kaunsili nyingi hutenga dakika chache za wakazi kusema. Mpigie karani simu kabla, umuulize zamu hiyo ni saa ngapi.

Mtaniuliza kuhusu kura. Ndugu wa Kenya, Tanzania, Uganda na Rwanda, nchi zenu ziko katika Jumuiya ya Madola, kwa hiyo wenye ruhusa ya kuishi hapa mnaweza kujiandikisha kupiga kura. Sisi wa Congo na Burundi tunasubiri uraia, na hiyo inauma. Lakini kusikiliza kikao, kumwandikia karani na kuomba nafasi ya kusema havisubiri uraia.

Na kuna jambo moja ambalo mama zangu mtalipenda. Wengi mmeniambia mikono inawasha, mnataka kulima lengalenga na maharage. Kuna vishamba vya kukodi, alotimenti. Sheria ya 1908 inasema watu sita wa kijiji wakiandika kwamba vishamba vinahitajika, kaunsili lazima ilifikirie ombi lao. Hao sita ni wale waliojiandikisha kupiga kura au wanaopaswa kulipa kodi ya kaunsili. Soma tena: au. Mkongomani anayelipa kodi anahesabiwa. Haimaanishi mtapewa kesho, maana ardhi lazima ipatikane. Lakini hawawezi kuiweka barua yenu kabatini wakanyamaza.

Yule mama wa bili ameandika jina lake kwanza kwenye barua ya kijiji chake. Familia zetu kule ni mbili tu, kwa hiyo amebisha hodi kwa majirani Waingereza. Jana alikuwa na majina manne. Kikao chao ni Jumanne. Nitakwenda naye, nitakaa nyuma, na yeye ndiye atakayesema.

Chai iko tayari.