Mgomba, Chungu cha Ikombe na Shada la Sebuleni

 

Nianze na meza ya sebuleni. Katika nyumba nyingi nilizokaribishwa hapa Tukuyu, juu ya kitambaa kilichofumwa kwa mkono, nimekuta maua ya plastiki. Yanapanguswa vumbi mwisho wa juma na kurudishwa mahali pake. Ukisogea dirishani unaona dalia, waridi, haidranja ya buluu, na lile ua jeupe lililojikunja kama faneli, lenye kupenda ukingo wa mtaro. Haidranja ile ni ya buluu kwa sababu udongo wetu una asidi, asidi ileile inayoipendeza chai. Mwenye nyumba ameyapanda na kuyapalilia mwenyewe, lakini hakati hata moja. Nilipomuuliza mama mmoja sababu, alinijibu kwamba ua likikatwa halikai. Mhadhara huu wote ni jibu langu kwake.

Mpangilio tunaouita wa kiklasiki ulitokana kwa sehemu kubwa na picha za wachoraji wa Uholanzi wa karne ya 17 na ya 18. Walichora katika chombo kimoja maua ambayo hayachanui pamoja, kila ua likingojewa kwa msimu wake. Jan van Huysum aliwahi kumtaka mteja wake radhi kwamba picha imekwama kwa kukosa waridi la manjano. Ule wingi uliokuwa ndoto kwao, sisi tumepewa. Sehemu kadhaa za wilaya yetu ya Rungwe hupata zaidi ya milimita 2,000 za mvua kwa mwaka, na udongo ni wa volkano. Ni nadra kukuta ukingo wa ua wa nyumba ukiwa mtupu.

Anayenigusa zaidi ni Constance Spry, Mwingereza aliyeuza maua London kabla ya vita vya pili vya dunia. Alichanganya waridi na majani ya mboga, matawi ya kando ya njia na hata magugu, na watu wakashangaa. Mwaka 1953 mwanamke huyohuyo alikabidhiwa maua ya kutawazwa kwa Malkia Elizabeth II. Ndani ya vyombo vyake alikunja wavu wa waya, huu wa mabanda ya kuku, akashikizia vikonyo humo. Kwa hiyo asituambie mtu kwamba ufundi huu unadai duka.

Baadaye ikaja sponji ya kijani, iliyobuniwa na Mmarekani Vernon Smithers mwaka 1954. Inanyonya maji, inashika kikonyo popote ulipokichoma, na imerahisisha kazi ya wapambaji dunia nzima. Lakini ni plastiki. Haiozi, inamung'unyika kuwa vumbi, na vumbi lile hapa kwetu litafuata maji mpaka mto Kiwira, nao unaingia Ziwa Nyasa. Siwezi kuipendekeza katika wilaya yenye migomba.

Ndiyo, migomba. Mgomba ukishatoa mkungu hukatwa, na shina lake huachwa lioze. Lipasue uone: tabaka juu ya tabaka, vyumba vidogo vidogo vilivyojaa hewa na maji. Nchini Thailand watu hukata shina hilo vipande, wakachomekea maua na mishumaa, wakaviachia vielee mtoni katika sikukuu yao ya Loy Krathong. Kata nawe kipande kirefu kama kiganja, kiweke wima ndani ya kopo, ujaze maji. Kikonyo kigumu kitaingia chenyewe. Kilicho laini kitangulizie tundu kwa kijiti cha mwanzi. Vaa nguo ya kazi, maana doa la utomvu wa mgomba halitoki. Na kila baada ya siku mbili badilisha maji, la sivyo kipande kitaanza kunuka.

Kopo hilo litumbukize ndani ya chungu cha Wakisi. Wanawake wa Kikisi wa Ikombe, kijiji cha ng'ambo ya Matema, wamefinyanga vyungu hivi kwa vizazi, na vinatufikia kupitia masoko. Udongo wake unavuja jasho polepole, ndiyo sababu ya kopo. Rangi yake tulivu haigombani na ua lolote, jambo ambalo chombo cha kioo chenye nakshi hakiwezi kukuahidi.

Sasa umbo, na hapa naomba subira yenu, kwa sababu ndipo penye kazi. Chomeka kwanza tawi moja la katikati, lenye urefu wa mara moja na nusu ya chungu. Hilo ndilo uti wa mgongo. Kisha mawili ya ubavuni, mafupi kidogo, yakilala kuelekea nje, nawe umepata pembetatu. Usiongeze kitu mpaka pembetatu hiyo isimame hata ikiwa tupu. Machipukizi na maua membamba yaende juu na pembeni. Makubwa na yenye rangi nzito yakae chini katikati, karibu na mdomo wa chungu. Vikonyo vyote vionekane kana kwamba vimetoka nukta moja, kama vidole vya mkono mmoja. Makangaga yafunike mgomba. Halafu acha nafasi. Anayeanza huogopa nafasi, akaijaza, na shada likawa mzigo wa kuni.

Kabla ya yote hayo, kata maua alfajiri, kikonyo kwa mshazari, ondoa majani yatakayozama, uyasimamishe saa kadhaa kwenye ndoo ya maji mahali penye giza na ubaridi. Ubaridi huo wenye maduka ya maua mijini wanaulipia umeme.

Nina kosa la kuwaeleza. Usiku mmoja, kuamkia harusi, tulihifadhi maua ya kaneshoni ndani ya stoo yenye mikungu minne ya ndizi. Asubuhi yalikuwa yamejifunga, hayakufunguka tena, na bibi harusi aliingia kanisani bila ua mkononi. Ndizi inayoiva hutoa gesi ya ethilini, na gesi hiyo huzeesha maua. Parachichi nalo hufanya hivyo. Shina la mgomba si tunda, halina neno. Lakini shada lisikae chumba kimoja na mkungu unaovundikwa. Naamini mama yule aliyesema maua hayakai alikuwa na mkungu nyuma ya mlango.

Na maua ya Kitulo, tuyakate? Uwanda ule tunaouita Bustani ya Mungu ni hifadhi ya taifa tangu 2005, ulinzi uliowekwa kwa ajili ya mimea yake hasa. Okidi zake zimeteseka vya kutosha kwa kuchimbwa viazi vyake vinavyouzwa Zambia. Tukazitazame zikiwa zimesimama. Maua ya kukata yako uani.

Shada nililolitengeneza mbele yenu litabaki mezani hapa. Siku ya tano au ya sita waridi litadondoka kwanza, haidranja itafuata. Makangaga yatadumu; yaachwe yabebe maua mapya machache. Kipande cha mgomba kikilainika kikatwekatwe, kitupwe shinani mwa mgomba mwingine, na maji ya kopo yamwagwe hapohapo.